Wakili, kamera na mtu wa hospitalini: jibu kwa wakili mchanga wa Mombasa

Swali limetoka kwa wakili wa Mombasa mwenye miaka mitatu tangu aapishwe. Nalifupisha: "Nimetoka kwa mwajiri na kufungua ofisi yangu. Kampuni moja ya matangazo imeniletea mpango wa mwezi kwa mwezi: video za TikTok, ukurasa wa Facebook, picha na shukrani za wateja walioshinda kesi, na maneno 'wakili nambari moja wa ardhi Pwani' na 'usiposhinda hulipi'. Ada yao ni ndogo, ila wanataka na asilimia kumi kwa kila mteja atakayekuja kupitia kwao. Wakili mkubwa niliyefanya kazi chini yake anasema wakili hajitangazi, na akijitangaza anapoteza leseni. Lakini huyohuyo ana mtu wake hospitalini wa kumletea kesi za ajali. Nimsikilize nani?"

Dada wakili, usimsikilize yeyote kati yao. Mkubwa wako anakusomea kanuni iliyokwisha kuzikwa, na kampuni inakuuzia tangazo la nchi nyingine. Na katika yote uliyoyataja, baya kuliko yote ni lile ulilolitia mwishoni kama jambo la kando.

Nianze na mkubwa wako, maana hakulitunga neno lake. Kanuni za zamani za uwakili Kenya, kanuni ya 2 hasa, zilimkataza wakili kujitangaza kwa njia yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka. Watu waliosoma wakati ule walikuwa wakibishana hata juu ya ukubwa wa kibao cha mlangoni. Ombi nambari 457 la mwaka 2011, la Okenyo Omwansa George na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, likafika mbele ya Jaji David Majanja katika Mahakama Kuu, Nairobi. Mwaka 2012 jaji akaamua kwamba katazo la jumla namna ile halipatani na Katiba ya 2010. Mwananchi anayetafuta huduma ni mlaji chini ya kifungu cha 46, ana haki ya kupata habari za huduma anayoinunua, na atafikaje mahakamani ikiwa hajui nani anafanya kazi gani na yuko wapi? Jaji hakufungua mlango wazi kabisa. Alisema matangazo yanaweza kuwekewa mipaka, ila mipaka isiwe ukuta. Ndipo zikaja Kanuni za Masoko na Matangazo ya Mawakili za mwaka 2014. Zichapishe, uzisome ukiwa na kalamu mkononi kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote, maana leseni itakayowekwa hatarini ni yako na kampuni haina leseni ya kupoteza.

Sasa kampuni. Ule msemo wa "usiposhinda hulipi" ndio ulionionyesha kwamba kijana wao amefungua kurasa za mawakili wa Marekani, akanakili, akatafsiri. Huko ni jambo la kawaida: wakili wa kesi ya ajali huchukua sehemu ya fidia, na akishindwa hachukui kitu. Kwetu, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinasema mapatano ya kumlipa wakili pale tu atakaposhinda kesi ni batili. Kwa hiyo tangazo hilo lingekuwa linawaalika watu waje kufanya nawe mapatano ambayo sheria haiyatambui. Fikiria mteja anayekuja na simu mkononi, anakuonyesha video yako mwenyewe, halafu umwambie alipe ada ya kufungua kesi.

Kadhalika punguzo. Hukulitaja, lakini najua litakuja, kwa kuwa kila kampuni ya matangazo hupenda "nusu bei mwezi huu". Kifungu cha 36 cha Sheria hiyohiyo kinafanya kuwa ni kosa wakili kujinadi, kwa jina lake au bila jina, kwamba yuko tayari kufanya kazi kwa chini ya ada iliyowekwa kisheria. Kosa liko kwenye kule kujinadi. Hata mteja asipotokea, tangazo lenyewe limekwisha kukutia matatani. Hati za kuhamisha ardhi zina viwango vyake kwenye jedwali la ada, na bango la punguzo kwenye Facebook ni ushahidi uliouandika mwenyewe, wenye tarehe na saa. Ukitaka kumsaidia asiye na uwezo, msaidie bure kabisa. Upo mfumo wa msaada wa kisheria chini ya Sheria ya mwaka 2016, na kila mwaka Chama cha Mawakili huwa na wiki ya kutoa ushauri wa bure kwenye viwanja vya mahakama. Kaa kwenye meza ile siku zote za wiki. Watu wa Kisauni na Likoni watakujua vizuri kuliko kwa video nyingi za kulipia.

"Wakili nambari moja" lifute. Nani alikupima, na dhidi ya nani? Neno lisiloweza kuthibitishwa ni la kupotosha, na pia linawashusha wenzako bila kuwataja. "Hatujawahi kushindwa" ni ndugu yake. Hata idadi ya kesi ulizoshinda, ikiwa ni ya kweli, humdanganya msomaji, kwa kuwa atadhani yake itakwenda vivyo hivyo, na wewe hujaiona hata hati yake. Jihadhari na neno "mwandamizi" pia: kwetu Wakili Mwandamizi ni cheo anachotunuku Rais chini ya Sheria ya Mawakili, na mwenye miaka mitatu akijiita hivyo kwenye wasifu wake wa Instagram hatachekwa tu. Sema linaloweza kukaguliwa: jina lako, mwaka ulioapishwa, namba yako ya uwakili (ile inayoanza na P.105), ofisi iko jengo gani, unazungumza lugha gani, unafanya kazi za aina gani. Tangu Oktoba 2023, Chama kilipomtangaza kijana mmoja wa Nairobi kuwa anasimamia kesi ilhali si wakili, watu wengi wamejifunza kutafuta jina la wakili kwenye tovuti ya Chama kabla ya kulipa. Wape namba, wakukague. Hakuna maneno ya sifa yatakayokufaa kuliko hilo.

Haya, tufike hospitalini.

Unajua inavyokwenda. Matatu inagongana na lori Mariakani alfajiri. Kufika adhuhuri majeruhi wako wodini, na kabla mke wa majeruhi hajafika na chai kwenye chupa, amekwisha kuja kijana mwenye bahasha ya khaki. Ana jina la majeruhi, ana namba ya gari, mara nyingine ana hata nakala ya taarifa ya polisi. Nani alimpa? Muulize muuguzi, muulize karani, muulize askari wa trafiki. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Karatasi inawekwa sahihi, au kidole gumba ikiwa mkono wa kulia uko kwenye plasta. Kijana anatoa elfu moja mbili "za maziwa". Kesho yake anakuja kijana wa pili na bahasha ya pili, majeruhi anatia sahihi tena kwa kuwa anadhani ni wale wale wa jana. Miezi kadhaa baadaye zinafunguliwa kesi mbili kwa ajali moja, kwa mdai mmoja, kwa mawakili wawili ambao mdai hajawahi kuwaona hata mmoja. Fidia ikitoka inakwenda kwenye akaunti ya wakili, dalali anakata chake, na mwenye mguu uliovunjika anapata kilichobaki bila hesabu ya maandishi.

Hili ndilo lililokatazwa tangu zamani, na hukumu ya 2012 haikuligusa. Sheria ya Mawakili inaharamisha udalali wa wateja, na kifungu cha 37 kinamkataza wakili kugawana ada yake na mtu asiye wakili. Sasa itazame tena ile asilimia kumi ya kampuni. Dalali wa wodini analipwa kwa kichwa, na kampuni yako yenye ofisi ya kioo Nyali nayo inataka kulipwa kwa kichwa. Tofauti yao ni kiyoyozi. Ukimlipa mtu kwa kazi ya kupiga picha, kuhariri, au kwa nafasi ya tangazo kwenye ukurasa, umenunua huduma, kama unavyomlipa mchapishaji wa kadi. Ukimlipa kwa kila mteja anayeletwa, umegawana naye ada. Siku malalamiko yakifika kwenye Jopo la Nidhamu, hakuna atakayehitaji kukuuliza ulikusudia nini; taarifa yako ya M-Pesa itasema.

Mawakili wetu, na hapa nawasema wa rika langu, wamekuwa wepesi kumkemea kijana anayecheza mbele ya kamera na wazito kumkemea mwenye bahasha. Video ya kipuuzi humwaibisha aliyeitoa. Bahasha humla mgonjwa. Kama Chama kina nguvu ya kufuatilia jambo moja tu mwaka huu, ningependa waiache TikTok kwanza.

Wamarekani wenyewe, ambao kampuni yako inawanakili, waliutenga mstari huu mapema. Mwaka 1976 mawakili wawili wa Arizona, John Bates na Van O'Steen, waliweka tangazo gazetini lenye orodha ya ada zao kwa kazi za kawaida kama talaka isiyo na ubishi. Chama chao kikawaadhibu. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema tangazo la kweli la namna ile linalindwa na katiba yao. Mwaka uliofuata, 1978, ikaletwa kesi ya wakili wa Ohio aitwaye Ohralik, aliyemfuata msichana wa miaka 18 hospitalini baada ya ajali ya gari, akamfanya atie sahihi akiwa bado kitandani, kisha akaenda kwa msichana mwenzake aliyejeruhiwa naye akiwa amebeba kinasa sauti kilichofichwa. Mahakama ileile iliyokwisha kufungua mlango wa matangazo ilikataa kumlinda. Gazeti unaweza kulifunga ukaendelea na chai yako. Mtu aliyesimama kando ya kitanda chako, wakati umedungwa dawa ya maumivu, humfungi. Mwaka 1995 wakakubali pia kanuni ya Florida ya kuwazuia mawakili kuwaandikia barua majeruhi au jamaa zao kabla ya siku 30 kupita tangu ajali.

Simulizi hili linakuhusu kwa jambo moja ambalo mpango wa kampuni haukulitaja waziwazi lakini utaliona kwenye ripoti yao ya mwezi: siku hizi tangazo la kulipia huweza kuelekezwa kwa watu walio ndani ya eneo fulani tu. Mtu akichora duara kuzunguka hospitali, akaweka tangazo la fidia za ajali, amempeleka dalali wodini bila kumlipia nauli. Kataza jambo hilo kwa maandishi. Vivyo hivyo kutoa rambirambi chini ya habari ya ajali halafu namba ya simu. Watu wa Pwani wanajua rambirambi inavyotolewa, na yako wataisoma kama ilivyo.

Picha za wateja ni jambo jingine ambalo wengi hawaoni ubaya wake, maana mteja mwenyewe amefurahi, amesimama nje ya mahakama, ameinua hati juu. Siri ya mazungumzo yenu ni ya mteja. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinakufunga mdomo wewe mpaka yeye aseme sawa. Na furaha ya siku ya hukumu si ridhaa ya kweli. Upande wa pili bado una nafasi ya kukata rufaa. Kama ni kesi ya mirathi kwenye Mahakama ya Kadhi, upande wa pili ni kaka zake na dada zake, watakaomwona kwenye simu zao akishangilia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ipo, na inatumika: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hiyo ilikuwa picha ya mtu aliyekwenda kustarehe. Ya mtu aliyekwenda kuomba talaka itakuwaje? Ushauri wangu ni mkali kuliko sheria: usiweke picha ya mteja kabisa. Akitaka kukusifu, akusifu kwenye ukurasa wake mwenyewe, kwa hiari yake, bila wewe kumwandikia maneno.

Utasema nimekunyang'anya kila kitu. Hapana, nimekuachia kilicho kizuri zaidi, nacho ni kufundisha. Mombasa ina maswali ya kisheria ambayo mtu wa Nakuru hata hayaelewi. Nyumba bila ardhi, kwa mfano. Majengo na Kisauni zimejaa watu wanaomiliki kuta na bati ilhali udongo ni wa mwenye shamba, na kodi ya ardhi wanaipeleka kwa mtu wasiyemjua vizuri. Mtu anapotaka kununua nyumba ya namna hiyo, anunue nini hasa? Aulize nini? Risiti za kodi ya ardhi ziko kwa jina la nani? Mwenye shamba akiuza ardhi kwa mtu mwingine, mwenye nyumba atabaki na nini? Video ya dakika mbili ya kuuliza maswali hayo manne, ukiwa umekaa tu kwenye kiti chako, itatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia mpaka ifike Muscat.

Au chukua muda wa kufungua kesi, ambao huua haki za watu kimyakimya kila mwaka. Ningeandika hivi, kwa maneno machache: "Umeumia kwenye ajali? Kwa kawaida una miaka 3 ya kufungua kesi tangu siku ya ajali. Kama aliyekuumiza ni gari la serikali au mtumishi wake, una miezi 12 tu. Umeachishwa kazi isivyo haki? Miaka 3. Weka karatasi zako zote: taarifa ya polisi, fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari), risiti za dawa. Haya ni maelezo ya jumla ya sheria ya Kenya. Kesi yako huenda ina mambo yake." Chini yake jina lako, namba yako ya uwakili na ofisi ilipo. Basi. Hakuna "nipigie sasa hivi kabla hujachelewa", hakuna muziki wa kutisha, hakuna sauti ya king'ora. Aliyesoma amepata faida hata kama ataenda kwa wakili mwingine.

Zingatia yale maneno "sheria ya Kenya". Kiswahili hakiishii Lunga Lunga. Ukizungumza juu ya hati miliki ya ardhi, anayekusikiliza Tanga atadhani unamzungumzia yeye, wakati kwao ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mfumo wao wa umiliki ni mwingine. Mawakili wa kule nao wana kanuni zao za maadili za mwaka 2018, hivyo tangazo la rafiki yako wa Dar es Salaam lisiwe kigezo chako, wala lako lisiwe chake. Anayekuuliza kutoka ng'ambo ya mpaka, mwambie atafute wakili wa huko na akague jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania.

Na watauliza. Hapa ndipo mawakili wachanga wanapojikwaa: kwenye ujumbe wa ndani. Video ikisambaa, usiku mmoja utapata meseji nyingi, na kampuni itakuambia ina binti mzuri wa kuzijibu. Usikubali. Mtu anayekuandikia saa sita usiku kwamba mumewe ameuza kiwanja amekutumia siri, na jina la mumewe, na pengine mume huyo ndiye mteja wako wa wiki iliyopita. Binti wa kampuni hajui hilo, hawezi kukagua kama kuna mgongano wa maslahi, wala hafungwi na kiapo chako. Tengeneza jibu moja fupi la kudumu: umepokea ujumbe, hutoi ushauri wa kesi kwa njia hiyo, tafadhali asitume hati wala majina, apige ofisini kupanga siku. Hujawa wakili wake mpaka mkubaliane, na jibu hilo liseme hivyo kwa lugha rahisi.

Sasa kama bado unataka kufanya kazi na kampuni hiyo, na sioni ubaya, wapelekee mkataba wako badala ya kutia sahihi mkataba wao. Malipo ya mwezi yawe kiasi kilichotajwa, bila asilimia ya ada wala ya mteja. Hakuna kinachowekwa mtandaoni kabla hujakisoma na kukikubali kwa maandishi, hata jibu la maoni. Nywila ya kila akaunti iko kwako, na wao hawaingii kwenye ujumbe wa ndani. Hawanunui wafuasi, hawaandiki sifa za uongo kwa majina ya kubuni. Hawaelekezi tangazo kwenye hospitali, kituo cha polisi wala mahali pa msiba. Mkiachana, kila kitu kinabaki kwako. Wakisema bila asilimia kumi biashara haiwalipi, wameshakujibu, nawe waage kwa heshima utafute kijana mwenye kamera anayetaka mshahara.

Kuhusu mkubwa wako, usigombane naye. Mwambie tu, siku mkikutana kwenye korido za mahakama, kwamba umesoma hukumu ya 2012 na Kanuni za 2014, na umwachie nakala. Na kijana wake wa bahasha akija mlangoni kwako, kwa kuwa atakuja, hao hawana mwajiri mmoja, usimpokee ndani ofisini hata kwa maji ya kunywa. Mwambie karani wako aandike tarehe na alichokitaka kwenye daftari.